Kaya Iliyokatazwa Kusalimiwa

Iko nchi moja, wala usihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake imefungiwa kabatini na aliyeshika ufunguo yuko semina. Watu wake ni wakarimu kupita kiasi. Ukarimu wao umeandikwa kwenye katiba, kifungu cha nne, na jambo likishaandikwa kwenye katiba hakuna haja ya kulionyesha kila siku. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Ukarimu yenye ghorofa sita, lifti moja iliyokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne tangu enzi za waziri aliyepita, na mlinzi mkali mlangoni wa kuwauliza wageni wamekuja kufanya nini.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Mchongoma, alikaa kinyozi mmoja mkimbizi aliyeitwa Mwenebatu. Alitoka nchi ya jirani iliyokuwa vitani, na kwa miaka saba alikuwa akinyoa vichwa vya watu wa Mchongoma ndani ya kibanda cha mabati. Ukutani alibandika picha za vijana wenye mitindo ya nywele ambayo hakuna mteja wake aliyewahi kuiomba. Alikaa na mkewe Sikuzani, binti yao Faida aliyekuwa darasa la pili, na mama yake mzazi, Bibi Nabintu.

Huyu Bibi Nabintu alibakiwa na haja moja tu duniani, wala hakuificha. Walipokuwa wakikimbia vita, mumewe alifia njiani. Walimzika kando ya barabara, yeye na Mwenebatu, watu wawili, kwa jembe lililovunjika mpini, huku wenzao wakipita mbio na magodoro kichwani na hakuna aliyegeuza shingo. Tangu siku ile Bibi alikuwa akisema, "Mimi nitazikwa na watu. Jeneza liwe la mbao yoyote, chakula kiwepo kisiwepo, sijali. Nataka watu. Wajae mpaka viti vikaazimwe mtaa wa pili."

Na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kupanga mambo yake, hakukaa akangoja. Alipofika Mchongoma, kabla hata hajajua soko liko wapi, alianza kuhudhuria misiba. Popote turubai lilipofungwa, Bibi alifika na kanga ya pili begani, akaingia ndani, akakaa mkekani na wanawake wenzake, akalia. Mwanzoni watu walinong'ona, "Huyu ni nani kwa marehemu?" Baada ya mwaka walikuwa wakiulizana, "Bibi Nabintu hajafika? Basi tusitoe kwanza maiti." Alikoroga uji wa wafiwa, alikosha masufuria, alikuwa wa mwisho kuondoka matangani. Bi Salme muuza vitumbua, aliyepakana naye ukuta, alipofiwa na mumewe, Bibi alilala kwake siku arobaini. Kwa miaka saba hakukosa msiba hata mmoja wa mtaa ule, ukiwemo wa mwizi wa kuku ambao hata ndugu wa damu walichelewa. Na desturi ya Mchongoma ni kwamba aliyekuja kukulilia humwachi peke yake siku yake ikifika. Bibi aliijua desturi hiyo, mtaa ulijua kwamba anaijua, na hakuna aliyeona ubaya.

*

Mwaka huo Wizara ya Ukarimu ikapatwa na swali. Wafadhili kutoka nchi za baridi walitaka kujua kama mahusiano ya kijamii humsaidia mkimbizi kujumuika na wenyeji. Yaani, mtu mwenye majirani wanaompenda anaishi vizuri kuliko asiye nao, au vipi? Ungemuuliza mwanamke yeyote anayetembeza mchicha angekujibu bila kutua kapu. Lakini jibu la namna hiyo halina kurasa.

Ikaundwa Idara ya Utafiti wa Ujirani, na juu yake akawekwa Daktari Hezekia Mlimbila, mtu mwenye shahada tatu na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na moja ya kuwatazamia watu. Daktari alijifungia miezi minne akatoka na kipimo cha ujirani. Salamu ya kupita ilipewa alama moja. Salamu ya kusimama na kuulizana watoto, mbili. Kupiga hodi na kuingia, tano. Kuomba chumvi, nane. Kuazimana jembe, kumi. Hata ugomvi ulipewa alama tatu, kwa sababu Daktari aligundua kwamba huwezi kugombana vizuri na mtu usiyemjua.

Kisha akaja Mchongoma mwenyewe, akapanda juu ya meza ya muuza samaki iliyokuwa imetandikwa kitambaa cheupe, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Taifa letu halitaki tena kuishi kwa kudhani. Tunataka ushahidi. Ili tujue faida ya mahusiano, yatupasa tuwe na kaya zenye mahusiano, na tuwe na kaya zisizo nayo, tuzilinganishe. Zile za kwanza tunazo. Zile za pili," akavua miwani ya kusomea akavaa ile nyingine, "zile za pili tutazitengeneza."

Watu wakapiga makofi. Katika nchi ile makofi hupigwa msemaji anapobadilisha miwani.

Bahati nasibu ikachezeshwa papo hapo. Waziri wa Ukarimu, aliyefuatana na Daktari, aliingiza mkono kwenye sanduku mara mbili, kwa sababu karatasi ya kwanza ilikuwa na jina la mpangaji wa shemeji yake. Karatasi ya pili ikasomwa kwa kipaza sauti: kaya ya Mwenebatu, kinyozi.

Siku ya pili yake karani wa Idara, kijana mpole aliyeitwa Elisante, alifika nyumbani na dodoso lenye kurasa arobaini na mbili.

"Ushiriki ni wa hiari," alisema Elisante. "Weka saini hapa kwamba hukulazimishwa."

"Nisipoweka?" aliuliza Mwenebatu.

"Basi hutakuwa umeshiriki kwa hiari."

"Na kibali changu cha kukaa mjini?"

"Kibali kinatolewa kwa kaya zinazoshiriki."

"Anayekataa je?"

"Huyo ana hiari ya kurudi kambini. Lori lipo kila Jumatano."

Mwenebatu akaweka saini. Sikuzani akauliza ni kwa muda gani, akaambiwa mwaka mmoja tu, hadi tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Bibi Nabintu alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Akainua kichwa.

"Na misiba, mjukuu wangu?"

Elisante alifunua karatasi, akarudi nyuma, akafunua tena. "Misiba iko ukurasa wa kumi na moja, Bibi. Kuhudhuria msiba ni alama thelathini."

"Thelathini!" Bibi akacheka mpaka ufizi ukaonekana. "Umesikia, Mwenebatu? Kumbe mama yako ni tajiri!"

"Ndiyo, Bibi," alisema Elisante, akatazama chini. "Ndiyo maana hutaruhusiwa."

*

Mlangoni kikapigiliwa kibao cha rangi ya bluu: KAYA LINGANISHI. TAFADHALI USISALIMIE. Mzee Sufiani, balozi wa nyumba kumi, akapewa filimbi na kamba ya mita ishirini ya kupimia umbali wa watu. Mkazi yeyote ambaye angeikaribia kaya ile kwa maneno, au kwa uso wa urafiki, angepuliziwa filimbi mara moja. Akirudia, angekuwa amechafua takwimu za taifa, na hilo lilikuwa na kifungu chake.

Kunyolewa kuliruhusiwa, kwa kuwa Wizara ilitamka kwamba nywele si uhusiano. Lakini kinyozi na mteja wasizungumze. Basi wazee wa Mchongoma, ambao kwa miaka saba walikuwa wakikaa kitini na kusema "kama kawaida", sasa hawakuwa na njia ila kunyoosha kidole ukutani, na ukutani palikuwa na picha za vijana. Ndani ya mwezi mmoja mtaa ukajaa wazee wenye mitindo ya vijana kichwani. Mzee Sufiani mwenyewe, balozi mwenye wajukuu tisa, alitembea wiki tatu akiwa na mstari wa radi kisogoni, filimbi shingoni, wala hakuna aliyethubutu kumcheka kwa karibu. Baadaye wateja wakapungua. Kumbe hawakuwa wakifuata kunyolewa tu. Walikuwa wakifuata maneno, na maneno yalihamia kwa kinyozi wa mtaa wa pili ambaye alikuwa akikata masikio.

Shuleni, mwalimu alipoita majina, jina la Faida aliliruka kwa heshima.

Sheria haikuwa rahisi hata kwa waliotumwa kuisimamia. Asubuhi ya kwanza ya kazi, Elisante alisimama mita ishirini kutoka mlangoni na daftari lake. Bibi akatoka kumwaga maji, na kijana, kwa malezi aliyolelewa, akajikuta amesema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Elisante akafumba macho. Kisha akatoa fomu ya onyo, akajiandikia, akajisomea kwa sauti, akajikabidhi nakala.

Bi Salme naye hakukubali kunyamaza. Aligundua kwamba kanuni hazikusema lolote kuhusu kuku. Kila asubuhi alisimama uani, akamwinamia tetea wake, akapaza sauti juu ya ukuta: "Wewe kuku wewe! Umeamkaje? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama mtu mzima?"

Na kutoka upande wa pili Bibi Nabintu aliliambia sufuria lake, "Sufuria langu, kifua bado. Lakini uji nimekunywa."

"Kuku, usikae kwenye ubaridi! Uzee huo!"

"Sufuria, mwambie mzee ni yeye na babu yake."

Mzee Sufiani alisikia, akageukia ukuta mwingine, akajifanya anakagua nyufa. Lakini Elisante alikuwa mtu wa kazi, akaandika yote, akayapeleka Wizarani kuuliza kama ni mahusiano. Wizara ikakaa vikao viwili ikatoa Waraka Namba Saba Kuhusu Kuku, na tetea wa Bi Salme akachukuliwa kwenye gari la serikali, kwa kosa la kuwa daraja.

*

Misiba haikungoja utafiti uishe. Alipofariki muuza mkaa wa kona, Bibi Nabintu alivaa kanga zake mbili akaenda kama siku zote. Mzee Sufiani alimkuta karibu na turubai. Hakupuliza filimbi. Aliishika tu mkononi.

"Bibi," alisema, akitazama miguu yake, "huu si msiba wako."

"Sufiani, mkeo alipofariki nani alimkosha miguu?"

"Wewe, Bibi."

"Nani alikulisha uji kwa kijiko ulipokataa kula?"

"Wewe. Bibi, nitapoteza ubalozi. Nitatoa wapi kazi kwa umri huu, na kichwa hiki?"

Bibi akamtazama kichwa, akamwonea huruma. Akavuka barabara, akapima kwa macho mita ishirini, akakaa chini juani, akalia akiwa upande ule. Aliona wenzake wakiingia ndani. Wengine walimwona, wakajifunika kanga usoni, na kwa kuwa ulikuwa msiba hakuna aliyejua wanamlilia nani. Alifanya hivyo misiba mitano mfululizo, kwenye jua na kwenye manyunyu. Mvua ya msiba wa sita ndiyo iliyomwingia kifuani.

Mwezi wa tano hakuinuka tena kitandani. Daktari wa zahanati alimwambia Mwenebatu ajiandae. Kitu pekee cha kujiandalia kilikuwa kile alichokitaka mama yake, watu, na watu walikuwa wamekatazwa. Mwenebatu akavaa shati lake la kola, akapanda ngazi za Wizara ya Ukarimu mpaka ghorofa ya sita. Akangoja siku mbili kwenye benchi, akaingia.

Daktari Mlimbila alimpokea kwa furaha ya mtu anayekutana na takwimu yake uso kwa uso.

"Mama yako ana umri gani?"

"Hatujui, Daktari. Cheti kilibaki nyumbani, na nyumba iliungua."

"Na anaumwa sana?"

"Anakufa, Daktari. Nimekuja kuomba siku moja tu. Siku ya kuzika. Watu waje, wazike, na wakitoka makaburini wasitusalimie tena hata mwaka mwingine mzima wakitaka. Mama hataki kingine."

Daktari aliguswa. Alivua miwani, akafuta jicho, akavaa ile nyingine, akachukua karatasi.

"Watakuja wangapi, unavyodhani?"

"Mama amezika mtaa mzima. Mia mbili hawapungui."

"Mia mbili mara thelathini." Kalamu ikaenda mbio. "Alama elfu sita! Kwa siku moja! Bwana Mwenebatu, kaya yangu isiyo na mahusiano itakuwa ndiyo yenye mahusiano kuliko zote nchini. Unaelewa? Mama yako, akiwa amelala hivyo hivyo, atauangusha utafiti wa taifa."

"Basi sisi tujitoe."

"Ni haki yako kabisa! Wakati wowote, bila kutoa sababu." Daktari akatabasamu. "Leo ni Jumanne. Lori ni kesho."

Mwenebatu akafikiria kambi: mama yake juu ya lori, siku mbili za vumbi, na mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona akilia. 

"Lakini sisi si wanyama," alisema Daktari. "Utafiti unafungwa tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Leo ni tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano. Ni wiki saba tu. Mwambie asubiri."

"Nimwambie mama asubiri kufa?"

"Kwa lugha ya upole," alisema Daktari Mlimbila.

*

Alimwambia. Hakujua lugha ya upole ya jambo kama hilo, akalisema kama lilivyosemwa. Bibi alihesabu kwa vidole.

"Wiki saba," alisema. "Ni nyingi. Lakini nitajaribu."

Na kweli alijaribu. Alikuwa akimeza uji aliouchukia, kijiko kimoja kimoja, kama mtu anayebeba matofali. Alikataa kulala mchana asije akajisahau. Kila asubuhi alimwuliza mwanawe tarehe, naye alimtajia, na Bibi alitikisa kichwa kama bosi anayepokea taarifa isiyoridhisha. Elisante, kwenye kiti chake mita ishirini, aliandika kwamba mgonjwa anaonyesha ushirikiano mzuri. Upande wa pili wa ukuta Bi Salme hakuwa tena na kuku wa kusema naye. Alisikika tu akitwanga, na kinu chake kilikuwa kitupu. Mchi ulikuwa unagonga mti kwa mti, ili Bibi ajue kwamba yupo.

Siku moja, saa nne asubuhi, Bibi aliuliza, "Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na moja, mama. Mwezi wa sita."

"Zimebaki ngapi?"

"Tisa."

Alizitafakari zile tisa. "Basi nimechoka, mwanangu," alisema, na akafa.

Mwenebatu alikwenda hospitali kuomba mama yake atunzwe siku tisa kwenye chumba cha maiti. Walikubali bila shida, kwa sharti kwamba mwenyeji mmoja amdhamini. Udhamini ulikuwa ukurasa wa kumi na tatu wa dodoso. Alama ishirini.

Wakazika siku ya pili. Mwenebatu na Sikuzani walichimba kaburi wenyewe tangu kulipokucha. Seremala aliwauzia jeneza bila kufungua kinywa, ila jeneza lilikuwa la mninga na bei ilikuwa ya msonobari, na Elisante hakujua mbao. Kulibeba jeneza kunataka wanaume sita. Wao walikuwa mwanamume mmoja, mwanamke mmoja na mtoto. Wakalipandisha kwenye toroli la kubebea mchanga, wakalifunga kamba, wakaanza kusukuma kuelekea kilimani kwenye makaburi.

Mzee Sufiani alikuwa amepita asubuhi akitangaza kwamba kutazama ni salamu ya macho, nusu alama. Kwa hiyo mtaa mzima ulisimama nyuani na vibarazani ukiwa umegeuza migongo. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Familia ile ilipita kati ya migongo mia mbili na zaidi, na mabega ya baadhi ya migongo ile yalikuwa yakitikisika. Kutoka nyumbani kwa Bi Salme ulitoka wimbo wa kuzikia, kwa sauti iliyopasuka. Mzee Sufiani akalazimika kuingia.

"Bi Salme, unaimba nini?"

"Nafua. Mtu akifua haimbi?"

"Nguo ziko wapi?"

"Zimekauka."

Mzee Sufiani akatoka. Elisante alipomwuliza ile sauti ilikuwa inamwendea nani, alijibu kwamba ni sauti isiyo na mwelekeo, na ikaandikwa hivyo.

Katikati ya mlima gurudumu likazama kwenye tope. Walisukuma, likakataa. Walivuta, kamba ikateleza, na jeneza likaanza kushuka upande mmoja. Sikuzani akalikinga kwa kifua. Faida akaning'inia kwenye mshikio. Mwenebatu alitazama nyuma, akamwona Elisante na makarani wenzake wawili wamesimama na madaftari, vijana watatu wenye nguvu. Elisante alitupa daftari chini, akapiga hatua moja, akapiga ya pili.

"Mita kumi na nane," alisema karani mwenzake kwa sauti ndogo.

Elisante akasimama. Alisimama hivyo kwa muda, mikono ikiwa mbele kama mtu anayepokea mtoto. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaokota daftari, akalifuta tope.

Walichukua saa nzima kulitoa gurudumu lile.

*

Mkutano mkuu wa matokeo ulifanyika kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Daktari Mlimbila alionyesha picha za mistari iliyopanda na mistari iliyoshuka. Imethibitika pasipo shaka, alisema, kwamba mkimbizi asiye na mahusiano hujumuika polepole sana. Kaya linganishi ya Mchongoma, iliyoanza na alama nyingi kuliko zote, ilimaliza na sifuri kamili, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya sayansi ya ujirani. Aidha, iligundulika kwamba msiba wa kawaida wa Mchongoma huchukua siku tatu na watu mia mbili, ilhali ule wa kaya linganishi ulichukua nusu siku na watu watatu. Waziri wa Mipango aliomba nakala.

"Ndugu zangu," alisema Daktari, akabadilisha miwani, "leo tunaweza kusema kwa ushahidi kwamba mtu anahitaji watu!"

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mfadhili mmoja alilia. Ikaamuliwa hapo hapo awamu ya pili ianze: sasa kaya ile ile irudishiwe mahusiano yake yote, kwa mpango, ili ionekane yanavyosaidia. Na kwa kuwa awamu ya kwanza ilikuwa imeongezewa muda hadi takwimu zihakikiwe, amri ya kukataza iliisha usiku ule ule ambao amri ya kuagiza ilianza. Kati ya hizo mbili hapakupita hata siku moja ambayo mtu wa Mchongoma angeweza kuamka asubuhi na kwenda kwa Mwenebatu kwa miguu yake mwenyewe.

Barua ikasambazwa nyumba kwa nyumba. Matanga ya marehemu Bibi Nabintu, yaliyocheleweshwa kwa sababu za kitaalamu, yangefanyika Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni. Kila kaya ilete watu wasiopungua watatu. Mahudhurio ni ya lazima. Kadi zitagongwa mhuri.

Na walikuja. Walikuja wengi kuliko barua ilivyotaka. Turubai lilifungwa, likaongezwa la pili, na viti vikaazimwe wapi? Mtaa wa pili, ndiyo. Wanawake walijaa ndani mpaka wakakaa kwenye ngazi. Uji ulikorogwa. Mzee Sufiani alikuja bila filimbi, akakaa kwenye kona akiwa ameshika kichwa. Kila mtu alipita kwanza kwenye meza ya Elisante, akaweka saini, akagongewa kadi, kisha akaenda kwa Mwenebatu akamshika mkono akamwambia pole.

Mwenebatu aliitikia pole zote. Alizitazama nyuso moja moja. Kila uso aliupenda, na kila mkono mmoja ulimshika wakati mwingine umeshika kadi, na hakuweza kujua ni upi uliomleta mtu.

Bi Salme hakupita mezani. Aliingia moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya Mwenebatu, akamkumbatia shingoni, akaanza kulia kilio ambacho kilinyamazisha nyumba nzima.

"Samahani, Bi Salme," alisema Elisante kutoka mlangoni, kwa upole kabisa. "Hujaweka saini. Kilio cha kabla ya saini hakihesabiki, na mimi nataka kihesabike. Tafadhali rudi uingie tena."

Bi Salme akainuka. Akatoka, akaweka saini, akagongewa mhuri, akaingia, akapiga magoti pale pale. Machozi yalikuwa bado usoni, yale ya kwanza. Alitafuta mengine.

Mwenebatu akamwinamia. Alikuwa na swali alilolibeba tangu asubuhi, na hakuwa na mwingine wa kumwuliza.

"Mama," alisema, "niambie kweli. Ungekuja?"

Wanawake kwenye mikeka waligeuka wote. Nje, wanaume waliacha kunywa kahawa. Elisante alilisikia swali lile, akajua ni zuri kuliko yote arobaini na saba ya dodoso jipya. Akasogea, akafungua ukurasa safi.

"Polepole, Bi Salme," alisema, "nisipitwe na neno."

Bi Salme alikuwa ameshafungua kinywa. Alimtazama Mwenebatu, kisha akaitazama kalamu, iliyokuwa imesimama juu ya karatasi ikingoja.  Halafu akasema kile ambacho watu wa nchi ile husema kila wanapoona kalamu inawangoja.

"Tunaishukuru Serikali."